ZaraRadio, RadioDJ, Rivendell au LibreTime: ipi ufunge kwenye studio ya redio?

Saa tisa usiku ndo saa ya kuijua programu ya redio. Mchana fundi yupo, meneja yupo, watangazaji wamejaa, kitu kikigoma kuna watu watano wa kukigusa. Saa tisa usiku kuna mlinzi getini na kompyuta inayopiga nyimbo peke yake, umeme ukikatika hapo ndo utajua ulichagua nini. Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti kwenye studio hapa Dar, zaidi redio ndogo, za jamii, za dini na za mtandaoni, na swali ninaloulizwa kila mara ni tuweke programu gani ya kupigia nyimbo, jingo (zile sauti fupi za kutambulisha kituo) na matangazo, na ya kurekodia je. Nazipambanisha nne ninazozifunga mara nyingi, ZaraRadio, RadioDJ, Rivendell na LibreTime, zote unazipata bila kulipa ada ya leseni, halafu naingia kwenye kurekodi. Za kulipia zipo nzuri tu, kama Jazler ya Ugiriki na SAM Broadcaster, hela ikiwepo nunua, ila usikubali mtu akuletee ya kraki kwenye fleshi. Nimeshawahi kusafisha virusi kwenye kompyuta ya hewani ya kituo kimoja Ijumaa mchana, hewa kimya kabisa, mwenye kituo amekaa pembeni yangu anapokea simu za watu waliolipia matangazo, na kila simu ikiisha anashika kichwa. Sitaki kuiona tena siku kama ile.

ZaraRadio imetoka Hispania, ni ya Windows na ndo nyepesi kuliko zote. Haina databesi, yani ghala la taarifa za nyimbo, inasoma faili moja kwa moja kutoka kwenye folda, unaburuta wimbo unauweka kwenye plelisti unabonyeza, basi uko hewani. Ina sehemu ya matukio ambapo unaiambia kila saa kamili ipige jingo, saa fulani ipige tangazo fulani, na ina vipleya vidogo pembeni vya kurushia vitu vya haraka haraka mtangazaji akiwa anaongea. Mtu mpya anaielewa ndani ya nusu saa, na hilo kwenye redio ya watu wa kujitolea ni jambo kubwa sana maana kila baada ya miezi michache kuna sura mpya mezani. Shida yake inatoka hapo hapo kwenye wepesi, haijui wimbo huu ni wa nani, haijui kwamba msanii huyo huyo umempiga dakika kumi zilizopita, ukiiachia ichague yenyewe kwenye folda inachota kama mtu anayechota karanga gizani. Nyimbo 200 haisumbui, zikifika 5,000 utaanza kusikia wasikilizaji wanalalamika mbona huyu kila saa.

RadioDJ nayo ni ya Windows, ni ya bure, ila inakaa juu ya databesi ya MySQL au MariaDB, kwa hiyo kuifunga kuna hatua ya ziada, unafunga databesi kwanza, unaipa nywila, ndo unaifungua RadioDJ uiunganishe. Vijana wengi wanakwama hapo wanarudi ZaraRadio. Wakivuka ndo wanaona faida, kwa sababu kila wimbo unaingia na jina la msanii, aina, mwaka, na unaipangia mzunguko: bongo fleva mpya mbili, zilipendwa moja, jingo, singeli moja, halafu unaiambia msanii asirudiwe kabla ya dakika 90, nayo inatii usiku kucha. Kwa redio ya muziki yenye mtu mmoja anayejua kompyuta vizuri, naiweka hii juu ya ZaraRadio bila kusita.

Rivendell ni ya Linux, mfumo unaokaa kwenye kompyuta badala ya Windows, chanzo chake kiko wazi, inatoka Marekani na ina zaidi ya miaka 20 ikitumika kwenye vituo vikubwa huko. Hii imegawanyika vipande, kila kazi na dirisha lake: RDLibrary ya maktaba, RDLogManager ya kupanga siku nzima, RDCatch ya kurekodi kwa muda uliopangwa, RDAirPlay ndo anayoiona mtangazaji. Kila sauti inapewa namba, wimbo una namba, tangazo lina namba, jingo lina namba, na ndani ya kila moja unaweka alama wapi maneno yanaanza na wapi wimbo unaofuata uingie. Mtangazaji haoni folda wala faili, hawezi kufuta kitu kwa bahati mbaya, hawezi kuchomeka fleshi yake akapiga kitu ambacho meneja hakukipitisha. Baadhi ya watangazaji wanachukia hilo na mameneja wanalipenda, na mimi nipo upande wa mameneja. Kuijua inachukua muda, hapo sikufichi, mafunzo ninayofanya ni siku nne mpaka tano na bado nitapigiwa simu mwezi mzima. Na miongozo mingi ya zamani utakayokutana nayo inakwambia weka CentOS 7, aina moja ya Linux, usiifuate, CentOS 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024.

LibreTime ni kitu kingine kabisa. Inakaa kwenye seva, unaiendesha kwa brauza, unaona kalenda kama ya simu, unaburuta kipindi unakiweka Jumanne saa fulani, unapakia faili ukiwa nyumbani Kimara au ukiwa safarini Dodoma. Ilizaliwa mwaka 2017 kutoka kwenye programu ya Airtime ya shirika la Sourcefabric. Mtangazaji anaweza kuingia laivu kutoka popote kwa kutumia programu kama BUTT au Mixxx. Redio ya mtandaoni yenye watu waliotawanyika, huyu anarekodi Tabata mwingine Bunju, hii ndo yao. Redio ya FM, subiri nifike kwenye habari ya mtandao.

Sasa umeme, maana hapa ndo programu zinapotengana. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, utaiweka, jenereta labda lipo, lakini UPS za dukani zile ndogo betri yake ikishazeeka inashika dakika tatu tu halafu kompyuta inazima kama imepigwa rungu. Nilichokifanya kwa kila programu ni kuchomoa waya makusudi wimbo ukiwa katikati, mara nyingi, nikaangalia inarudije. Kwanza ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, uiambie kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi, wengi hawajui kitu hiki kipo na ndo maana mlinzi anaamshwa akabonyeze kitufe. ZaraRadio hapa inapendeza, ukiiweka ifunguke pamoja na Windows na ianze kupiga yenyewe, inarudi haraka kwa sababu haina kitu cha kuharibika, ni orodha ya faili tu. RadioDJ inarudi pia, ila databesi ikikatwa ikiwa inaandika inaweza kuharibika meza, yani jedwali la ndani la taarifa, na meza ikiharibika programu inafunguka lakini nyimbo hazionekani, mtu wa zamu anadhani kila kitu kimefutika anaanza kulia. Dawa yake ni bekapu ya databesi kila usiku kwenye diski nyingine, na karatasi ya hatua za kuirekebisha imebandikwa ukutani kwa Kiswahili cha kueleweka. Rivendell nayo ina databesi, ila ukiiwekea RDAirPlay ipakie ratiba ya siku na ianze yenyewe, inarudi bila mtu kugusa, na ukiizoea Linux utaona mashine hizi hazisumbui hovyo, kuna moja sijaigusa miezi saba. LibreTime kwenye seva iliyo hapo hapo ofisini inarudi vizuri, kwenye seva ya nje umeme wa kwako hauihusu kabisa, kinachokata ni njia ya kufika kwako.

Na njia hiyo ilikatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha hapa Tanzania na kwa majirani. Kituo cha FM ambacho nyimbo zake, jingo zake na matangazo yake yote yako kwenye seva ya Ulaya, siku ile transimita inasimama Dar na haina cha kurusha. Ndo maana kwa FM nasema LibreTime sawa, lakini seva iwe ndani ya jengo, na pembeni pawe na kompyuta ya akiba yenye ZaraRadio na nyimbo mia tatu, feda yake (kile kitelezi cha kupandisha sauti) kwenye miksa ikiwa tayari imeandikwa AKIBA. Huo mchanganyiko nimeufunga mara mbili na unafanya kazi.

Kitu kingine ambacho programu zote nne zinakuangusha kama hukuwa makini ni saa. Zote zinahesabu 00 mpaka 23, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Kituo kimoja nilichoitwa, kijana wa zamu aliandika taarifa ya habari ya saa mbili usiku kama 02:00. Kwenye kompyuta 02:00 ni saa nane ya usiku wa manane. Siku tatu nzima habari zilisomwa watu wamelala na jioni ikapigwa miziki, na pamoja na habari yakaenda matangazo ya mdhamini, na aliyegundua ni mlinzi, alimuuliza meneja asubuhi, bosi siku hizi habari mmehamishia usiku? Mdhamini ilibidi arudishiwe matangazo yake yote bure. Kwa hiyo natengeneza kijikaratasi, upande mmoja saa yetu upande wa pili saa ya kompyuta, saa mbili asubuhi 08:00, saa saba mchana 13:00, saa mbili usiku 20:00, saa sita usiku 00:00, kinabandikwa kwenye fremu ya skrini, na sheria ni kwamba tukio halihifadhiwi kabla halijasomwa kwa sauti mbele ya mtu wa pili. Hakikisha pia kompyuta iko kwenye majira ya Africa/Dar_es_Salaam na inajirekebisha yenyewe ikipata mtandao, maana kompyuta ya mtumba betri ya bodi ikiisha inaamka inasema ni mwaka 2010 na ratiba yote inakwenda kombo.

Siku nayo ina mtego. Mzee akikwambia kipindi cha kaswida ni usiku wa Ijumaa, anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, yani kwenye kompyuta unatiki Alhamisi. Ukitiki Ijumaa umepishana naye siku nzima. Redio za Kiislamu zina jambo la ziada la adhana, ambayo haikai dakika moja mwaka mzima, Magharibi inasogea mbele na kurudi nyuma kufuata jua. ZaraRadio inakulazimisha ubadilishe tukio kwa mkono, mtu asipokumbuka wiki mbili adhana inapishana na msikiti wa jirani na simu zinaanza kuingia. Rivendell na LibreTime unapanga ratiba ya kila siku kivyake, kwa hiyo unakaa Jumamosi moja unaingiza nyakati za mwezi mzima. Hapo Rivendell imeniokoa sana, nampa mtu ratiba ya mwezi kwenye faili la maandishi naye anaiingiza siku baada ya siku.

Kutangaza saa hewani ndo raha ya ZaraRadio na RadioDJ. Unarekodi sauti za saa 24 na za dakika, halafu programu inaziunganisha yenyewe. Usitumie zile za Kiingereza wala za Kihispania. Mkalishe mtangazaji wako mwenye sauti nzuri, faili la 08 aseme saa mbili asubuhi, la 13 saa saba mchana, la 20 saa mbili usiku, kisha dakika zote moja moja, kazi ya kama saa moja, na tangu siku hiyo redio yako inataja saa kama watu wanavyoitaja.

Windows yenyewe ina tabia zake ambazo mtu wa Linux hazimgusi. Niko ndani ya daladala ya Mbagala, dereva kafungulia redio, inasomwa salamu za rambirambi, jina la marehemu linatajwa, halafu ting, mlio wa ujumbe wa WhatsApp ukasikika hewani, na baada ya sekunde mbili ting tena. Mama aliyekaa mbele yangu alitikisa kichwa. Hilo ni kosa la ufungaji, mtu aliacha kadi ya sauti ya hewani ndo hiyo hiyo ya Windows. Dawa: kadi ya nje ya USB iwe ya hewani peke yake, ndani ya ZaraRadio au RadioDJ unaichagua kwa jina, na ile ya kwenye bodi ndo iwe ya kawaida ya Windows, haijaunganishwa popote. Milio yote ya Windows izimwe. Hakuna WhatsApp, hakuna YouTube, hakuna brauza kwenye kompyuta ya hewani, na apdeti zipangwe zisiwashe upya mashine katikati ya kipindi. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama unanunua kompyuta za mtumba Kariakoo uliza kama zinakubali Windows 11, zile ambazo hazikubali ndo nazichukua kwa bei nzuri nazipa Linux na Rivendell, bado zina miaka mingi ndani yake ukiziwekea SSD.

Sauti kupishana ni ugonjwa wa karibu kila redio ndogo. Bongo fleva ya mwaka huu imebanwa mpaka juu, zilipendwa iliyotoka kwenye tepu ya zamani inanong'ona, msikilizaji anahangaika na kitufe cha sauti. Rivendell inasawazisha wakati wa kuingiza wimbo, kiwango chake cha kawaida ni -13 dB, lakini inasawazisha kilele cha sauti tu, nguvu yenyewe bado inatofautiana, kwa hiyo sikio lako bado lina kazi. Ukiwa na ZaraRadio na faili za MP3, pitisha folda nzima kwenye MP3Gain kabla, haigandamizi upya sauti, inabadilisha kiwango tu. Na Rivendell inahifadhi kwenye WAV, sauti isiyobanwa, kama ukitaka, wimbo wa dakika nne ni kama MB 42, nyimbo 5,000 zinakaribia GB 212, wakati MP3 za kbps 320 zile zile ni GB 48 tu. Panga diski kabla.

Matangazo nitapita haraka. Ukiwa na wadhamini wawili ZaraRadio inatosha. Wakifika kumi, kila mmoja na idadi yake kwa siku na tarehe ya mwisho ya mkataba, nenda Rivendell au RadioDJ, tangazo linajifunga lenyewe mkataba ukiisha na unampelekea mteja orodha ya lini na saa ngapi lilipigwa. Orodha hiyo hiyo ya nyimbo zilizopigwa ndo inayokusaidia kwenye mambo ya mirabaha, wasanii walipwe kwa kilichopigwa kweli. ZaraRadio inaandika rekodi ya kila siku ya maandishi matupu, inasomeka, ila kuijumlisha ni kazi ya mkono. Mimi msanii anayelipwa namuona ni sehemu ya redio, kwa hiyo jambo hili naliuliza mapema kabla hata ya kufungua boksi la miksa.

Kurekodi sasa. Hapa ushindani ni Audacity na Reaper, na mzee Cool Edit Pro ambaye bado yuko kwenye kompyuta kibao za Dar. Cool Edit ilinunuliwa na Adobe mwaka 2003 ikawa Audition, kwa hiyo unachokitumia ni kitu ambacho hakijaguswa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi kimekaa kwenye Windows XP isiyo na ulinzi. Naelewa mkono umeshazoea, kuna mhariri namheshimu sana anakata habari kwa Cool Edit kwa kasi ambayo mimi siwezi kwa chochote, lakini kijana anayeanza leo usimfundishe hiyo.

Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, inakaa Windows, Mac na Linux, na kwa kukata habari, kusafisha sauti ya simu, kutengeneza tangazo la sekunde 30, huhitaji zaidi. Jambo moja liwe tabia: kabla mgeni hajaanza kuongea, rekodi sekunde tano za chumba kitupu, feni ikiwa inazunguka, AC ikiwa inavuma, hizo sekunde tano ndo utaionyesha Audacity huu ndo mvumo utoe, na inautoa vizuri ukiipa kiasi kidogo. Ukizidisha mgeni anasikika kama anaongea ndani ya ndoo ya maji. Pale inaponishinda ni mahojiano ya maiki nne, kila mtu na njia yake, kwenye Windows Audacity za toleo la 3 zinakuja bila ASIO, ile njia ya kadi ya sauti kupitisha maiki nyingi kila moja kivyake, kwa kadi nyingi unaishia na njia mbili zilizochanganyika, mgeni mmoja akikohoa juu ya maneno ya mwenzake huwezi kumtoa. Reaper inakubali ASIO, inarekodi maiki zote nne kila moja kivyake, ni nyepesi hata kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, inakupa siku 60 za kujaribu na leseni yake kwa biashara ndogo ni dola 60, unalipa mara moja. Kwa studio inayotengeneza vipindi vya mjadala, hizo dola 60 zinarudi mwezi wa kwanza. Kwa chumba cha habari kinachokata sauti za watu mtaani, baki na Audacity.

Rekodi kwa WAV, 44.1 kHz, kilele kicheze karibu -12 dB, na usigeuze kuwa MP3 mpaka umemaliza kuhariri. Mara nyingi naona mtu kapokea MP3 ya WhatsApp, kaihariri kaihifadhi MP3, mwenzake kaifungua tena kaongeza muziki kaihifadhi MP3 tena, mpaka inafika hewani s zote zinachirizika.

Na ipo rekodi ya aina nyingine ambayo wengi wanaisahau mpaka siku ya mkasa, rekodi ya kila kinachokwenda hewani saa 24. Mtu akipeleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwamba kipindi chenu kimemtukana, kinachokutetea ni hiyo. Muda wa kutunza usome kwenye masharti ya leseni yako na kanuni za maudhui, halafu piga hesabu ya diski. MP3 ya kbps 128 inakula MB 57.6 kwa saa, yani GB 1.38 kwa siku, diski ya GB 500 inakupa karibu mwaka mzima. Ukiweka WAV diski hiyo hiyo inajaa ndani ya siku kama 33. Kwenye Windows naweka PlayIt Recorder, ya bure, inakata faili kila saa yenyewe, kwenye Linux naweka Rotter. Iwe kompyuta tofauti na ya hewani, hata ile laptop iliyovunjika skrini inatosha, na sauti isichukuliwe kwenye miksa, nunua redio ndogo ya kawaida, iweke kwenye masafa yako, chomeka waya kutoka kwenye tundu la hedifoni. Hapo unarekodi alichokisikia msikilizaji kweli, transimita ikiwa imekufa saa nane usiku utaona kimya chake na dakika yake.

Kwa hiyo mtu wa Mbagala mwenye redio ya jamii, watangazaji wa kujitolea na kompyuta mbili za mtumba, namfungia ZaraRadio hewani, Audacity kwenye uhariri, PlayIt Recorder kwenye laptop mbovu, na namrudia baada ya miezi sita kuona kama wadhamini wameongezeka. Redio ya muziki ya vijana yenye mtu wa kompyuta, RadioDJ. Kituo chenye matangazo ya kutosha, mkuu wa vipindi mkali na nia ya kukaa miaka kumi, Rivendell, na hela ya leseni ambayo haikutoka iende yote kwenye mafunzo ya watu wawili, sio mmoja, maana mmoja ataajiriwa kwingine. Ya mtandaoni tupu, LibreTime.

Ukishafunga usimlipe fundi siku hiyo hiyo. Mwambie akae mpaka usiku, zima UPS kwa mkono wako, washa, msiguse kitu. Ya mwisho niliyoijaribu hivyo ilikuwa Rivendell huko Kigamboni, tulikaa gizani tunahesabu, dakika moja na sekunde 50, na aliyetuambia imerudi ni mlinzi, alikuwa na redio yake getini.